Ulitia Saini Nini? Mfanyabiashara Mwislamu na Sheria za Biashara za Nchi Isiyo ya Kiislamu

Kwa miaka kadhaa nilifanya biashara ya kuagiza vitambaa katika nchi ambayo Waislamu ni wachache, na ambayo sheria zake hazikutungwa kwa kutazama Qur'ani wala Sunna. Katika miaka hiyo nilisikia hoja moja ikirudiwa na watu niliowaheshimu, baadhi yao wakiwa wa safu ya kwanza msikitini: kwamba sheria za kodi, forodha na leseni za nchi kama hiyo hazimfungi Mwislamu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kwamba anayezikwepa bila kumdhulumu jirani yake hana dhambi. Niliikubali hoja hiyo, nikaifanyia kazi, na nimeishi na matokeo yake. Ninayoyaandika hapa ni ushauri kwa ndugu yangu anayeanza biashara ugenini na ambaye bila shaka ataisikia hoja hiyo hiyo, pengine kutoka kwa mtu anayemtakia mema.

Muuzaji wangu wa ng'ambo alikuwa na desturi ya kuniuliza swali moja kabla ya kufunga mzigo: "Nikuandikie ngapi?" Maana yake ni kwamba angetoa ankara mbili, moja ya kweli ambayo ndiyo tuliyolipana, na nyingine ya kupeleka forodha, yenye thamani pungufu, ili ushuru ushuke. Nilimtajia kiasi, naye akaandika. Mzigo ulipofika nilijaza fomu ya forodha, na chini kabisa ya fomu hiyo, juu ya mstari wa saini, palikuwa na sentensi moja ya maandishi madogo iliyosema kwamba mwenye kutia saini anathibitisha kuwa maelezo yote yaliyomo ni ya kweli na kamili. Niliitia saini sentensi hiyo kwa mizigo mitano, na sikuwahi kuisoma kwa makini hata mara moja.

Siku moja nilimwendea sheikh mmoja, mzee aliyekuwa akitufundisha fiqhi, nimuulize namna ya kuhesabu zaka ya bidhaa zilizokuwa ghalani. Aliniuliza thamani yake, nikamtajia. Akataka kujua kama hicho ndicho kiasi kilichomo katika vitabu vyangu.

"Hapana, Sheikh. Kuna hesabu ya karatasi na kuna hesabu ya kweli."

Alinyamaza kidogo. "Na hiyo ya karatasi, uliitia saini?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

"Basi, mwanangu, suala la zaka tuliweke kando kwanza."

Tangu siku hiyo nilianza kulisoma jambo hili kwa nia ya kuelewa, si kwa nia ya kutafuta ruhusa. Jambo la kwanza lililonifungua macho ni kwamba nilikuwa nikiuliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa nikiuliza: je, mtungaji wa sheria hii ana haki ya kutiiwa na Mwislamu? Wanazuoni wa zamani, walipozungumzia Mwislamu anayefanya biashara katika nchi ya wengine, walianzia kwingine kabisa. Waliuliza: je, Mwislamu huyu ameingiaje huko, na ametoa ahadi gani?

Mfanyabiashara wa zama hizo aliingia nchi ya wasio Waislamu kwa kile kilichoitwa amani, yaani ahadi ya usalama aliyopewa na wenyeji, naye akaishi kati yao bila kuguswa mali wala nafsi. Imamu Shafi'i, aliyefariki mwaka 204 Hijria, amesema wazi katika kitabu chake cha Al-Umm kwamba Mwislamu aliyeingia nchi ya maadui kwa amani hana ruhusa ya kuchukua chochote katika mali zao, kidogo wala kingi. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, ameeleza sababu katika Al-Mughni: wenyeji walimpa amani kwa sharti la kutowafanyia khiyana, na hata kama sharti hilo halikutamkwa, linajulikana kwa maana yake. Tazama uzito wa maneno hayo. Wanazungumzia nchi ambayo ilikuwa vitani na Waislamu, na ahadi ambayo haikuandikwa popote. Sisi leo tunaishi katika nchi ambazo hatuna vita nazo, tumeomba viza wenyewe, tumeomba leseni wenyewe, na ahadi zetu zimeandikwa, zimepigwa mhuri na kuwekwa kwenye faili.

Qur'ani katika aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamuru walioamini kutimiza mikataba, na katika Suratul Israi aya ya 34 inasema kuwa ahadi itaulizwa. Hakuna katika aya hizo neno linalosema kuwa amri hiyo ni kwa mkataba uliofungwa na Mwislamu mwenzako tu. Kinyume chake, aya ya 75 ya Suratu Al Imran inawakemea kuwa ni waongo watu waliokuwa wakidai kwamba hawana lawama yoyote wakila amana za wasio wa dini yao. Aya hiyo ilinichoma. Ilishuka kuhusu watu wengine, lakini kauli inayokemewa ndani yake ni ile ile niliyokuwa nikiisikia, na kuirudia mwenyewe, karne kumi na nne baadaye: kwamba mali ya watu hawa si kama mali yetu.

Sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, nayo haikuacha mlango wazi. Swahaba Hudhaifa bin Yaman hakupigana vita vya Badr, na sababu yake ameieleza mwenyewe katika hadithi iliyopokewa na Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa njiani na makafiri wa Kikureshi, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Walipofika Madina na kumweleza Mtume, aliwaambia waende zao, kwamba Waislamu watawatimizia Makureshi ahadi yao na watamwomba Mwenyezi Mungu msaada dhidi yao. Hiyo ilikuwa ahadi iliyochukuliwa kwa nguvu, katika vita, na adui aliyetaka kuwamaliza, na jeshi la Waislamu lilikuwa dogo kiasi kwamba watu wawili walikuwa na maana. Mimi nilikuwa nikivunja ahadi niliyoitoa kwa hiari ili nipunguze ushuru wa vitambaa.

Kuna tukio jingine ambalo watu hulisoma katika hadithi ya Hudaibiya, yale mapatano ya Mtume na Makureshi, bila kulitilia maanani. Mughira bin Shu'ba, kabla hajasilimu, alisafiri na watu fulani, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume akamwambia kuwa Uislamu wake anaukubali, lakini ile mali yeye hana lake ndani yake. Waliouawa walikuwa washirikina, na mali hiyo ingeweza kulisaidia dola changa lenye mahitaji mengi. Ilikataliwa kwa sababu ilipatikana kwa khiyana dhidi ya watu waliomwamini mwenzao wa safari.

Sasa nizijibu hoja mbili ambazo hakika utaletewa, kwa kuwa zina sura ya kielimu na zinawapotosha watu wema.

Ya kwanza ni kauli ya Imamu Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan al-Shaybani, kwamba Mwislamu aliye katika nchi ya vita, yaani nchi iliyo vitani na Waislamu, anaweza kuchukua ziada katika muamala na mtu wa nchi hiyo hata kama muamala huo ungehesabiwa kuwa riba miongoni mwa Waislamu. Kauli hii ipo, lakini Abu Yusuf, mwanafunzi mwingine mkubwa wa Abu Hanifa, aliipinga, na madhehebu ya Maliki, Shafi'i na Hanbali hayakuikubali. Hata hivyo, kwa suala letu la utii wa sheria, jambo muhimu ni sharti ambalo wenye kauli hiyo wenyewe waliliweka: mali hiyo itolewe na mwenyewe kwa ridhaa yake, bila hadaa na bila kuvunja amani. Kwa hiyo, anayeitumia kauli ya Abu Hanifa kuhalalisha ankara ya uongo anaitumia kwa jambo ambalo Abu Hanifa mwenyewe alilikataza. Ridhaa ya afisa wa forodha aliyedanganywa si ridhaa.

Ya pili ni kwamba kodi ni maksi, yaani tozo la dhuluma, na maksi imelaaniwa katika hadithi. Ni kweli kwamba tozo za dhuluma zimelaaniwa vikali. Hata hivyo, wanazuoni kama Ghazali na Shatibi waliruhusu mtawala aweke tozo kwa wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na mahitaji ya umma yanapokuwa ya kweli, na tozo inapogawanywa kwa uadilifu. Zaidi ya hapo, Umar bin Khattab (r.a.), alipoandikiwa na gavana wake Abu Musa al-Ash'ari kwamba wafanyabiashara Waislamu wakienda nchi za wengine hutozwa moja ya kumi, hakuwaagiza wafanyabiashara hao wafiche bidhaa zao. Aliagiza wafanyabiashara wa nchi hizo wanaoingia kwake nao watozwe kiasi hicho hicho. Alilichukulia kuwa jambo la kawaida kwamba mgeni hulipa ushuru wa nchi anayoiingia. Na hata ukibaki na shaka kuhusu uadilifu wa kodi fulani, shaka hiyo haikupi ruhusa ya kusema uongo na kuutia saini. Kodi ikikuelemea, sheria hizo hizo huwa na njia zake halali za kuipunguza: misamaha, marejesho, gharama zinazokatwa kabla ya kutozwa, na rufaa. Tafuta mhasibu mzuri umlipe ujira wake, na utashangaa ni kiasi gani cha nafuu ulikuwa ukikiacha kwa kutojua, huku ukitafuta nafuu nyingine kwa haramu.

Haya yote hayana maana kwamba Mwislamu anaitii kila sheria hata ikimwamuru maasi. Mtume amesema kuwa utii ni katika jambo jema tu. Lakini katika miaka yangu yote ya biashara niligundua kuwa mgongano wa kweli ni nadra kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wengi wetu huchanganya sheria inayoruhusu na sheria inayoamuru. Sheria inaruhusu duka kuuza pombe, haikulazimishi uiuze. Sheria inampa mdai haki ya kutoza riba kwa anayechelewa kulipa. Ni haki ya kudai, na mwenye haki anaweza kuiacha. Mimi niliandika katika mikataba yangu kwamba sidai riba ya ucheleweshaji, na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika. Mwislamu anayesema "nimelazimishwa" ajiulize kwanza kama ni sheria iliyomlazimisha au ni faida.

Mgongano halisi huja pale sheria inapokuamuru jambo ambalo Sharia imelikataza. Bima ya lazima ni mfano ulio karibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililoko Jeddah liliamua mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara ya malipo maalumu ni haramu na kwamba mbadala wake ni bima ya ushirika, ambayo wanachama huchangia ili kusaidiana. Unapoishi mahali ambapo huwezi kusajili gari la mizigo bila bima na bima ya ushirika haipo, wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema chukua kile kiwango cha chini ambacho sheria inakulazimisha, kwa hukumu ya haja, yaani kwa uhitaji wa kweli, na usizidishe kwa hiari yako. Mambo ya namna hii usiyaamue peke yako usiku ukiwa na hesabu mkononi. Muulize mwanachuoni anayeijua nchi unayoishi, na umweleze sheria ilivyo hasa, kwa maneno yake.

Na pale sheria inapokufungia njia uliyoitaka, bila kukuamuru maasi, jibu ni kuiacha njia hiyo au kuhama, si kufanya kwa siri. Nchi kadhaa za Ulaya zimepiga marufuku kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza. Denmark, kwa mfano, ilifanya hivyo mwaka 2014. Mfanyabiashara wa nyama aliye katika nchi kama hiyo anaweza kuagiza nyama kutoka nje ikiwa sheria inaruhusu, au kuwauliza wanazuoni kuhusu njia za kuzimisha fahamu zisizomuua mnyama kabla ya kisu, au kuacha biashara ya nyama akashika nyingine. Kuchinja kwa siri katika banda lisilokaguliwa si jihadi. Ni kuvunja ahadi na kuhatarisha afya za wanaokuamini, na siku banda hilo litakapogunduliwa, jina litakalochafuka halitakuwa lako peke yako.

Jambo lililonipa faraja, na ambalo natamani lingesemwa zaidi, ni kwamba sehemu kubwa ya sheria za biashara za nchi hizi zinalinda yale yale ambayo fiqhi ilikuja kuyalinda. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, aliyenunua kitu kwa mtandao ana siku 14 za kubadili nia na kurudisha bidhaa. Wafanyabiashara wenzangu walilalamika sana kuhusu kanuni hiyo. Lakini Mtume alimwambia swahaba aliyekuwa akidanganywa sokoni aseme wakati wa kuuziana kwamba "hakuna hadaa", na kutokana na hadithi hiyo mafakihi wakajenga mlango mzima wa hiari ya sharti, yaani haki ya kuvunja mauziano ndani ya muda uliokubaliwa: Abu Hanifa na Shafi'i wakaiwekea siku tatu, Hanbali pamoja na wanafunzi wawili wa Abu Hanifa wakaruhusu muda wowote unaojulikana. Siku 14 ni muda unaojulikana. Vivyo hivyo, sheria inayokutaka ufichue kasoro ya bidhaa haikuletei jambo geni. Mtume aliingiza mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akasema kuwa anayetudanganya si miongoni mwetu. Na wale wanaouza mikoba na viatu vyenye nembo za bandia kwa hoja kwamba wenye nembo hizo si Waislamu, wajue kuwa Baraza lile lile la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, na haki za uandishi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, na haijuzu kuzivamia.

Kuna jambo la sira ambalo kila mfanyabiashara wa ugenini angelihifadhi. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa bei ya bidhaa zake Makka na mtu mwenye cheo, akapaza sauti karibu na Kaaba. Baadhi ya koo za Kikureshi zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an na kuapa kwamba watasimama na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apewe haki yake. Mtume alihudhuria kiapo hicho akiwa kijana, na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa kwacho katika Uislamu angeitikia. Walioapa walikuwa washirikina, na kanuni waliyoiwekea biashara ilikuwa ya haki. Mtume aliipima kwa haki iliyomo ndani yake.

Katika mambo ya kila siku, ninayokushauri ni haya. Soma unachotia saini. Ikiwa lugha inakushinda, mlipe mtu akutafsirie kabla, si baada ya kushtakiwa. Weka daftari moja tu la mauzo, kwa maana daftari la pili ndilo mwanzo wa kila uongo utakaofuata. Usimlipe mfanyakazi wako kwa siri ili ukwepe michango yake ya uzeeni na matibabu, hata akikuomba mwenyewe. Mara nyingi anaomba kwa sababu ana dhiki leo, na atakapoumia kazini ndipo itakapodhihirika kuwa kwenye karatasi hakuwahi kukufanyia kazi. Katika yote niliyowahi kuyaona ugenini, hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu waliodhulumiwa hivyo walikuwa ndugu zetu, na waliowadhulumu walikuwa wakiwaswalisha.

Linabaki suala la aliyekwisha kukosea, nami ni mmoja wao. Toba katika haki za watu na za umma haikamiliki kwa kuacha, kujuta na kuazimia tu. Kuna sharti la nne, nalo ni kurudisha. Sheikh wangu aliniambia nisitoe sadaka kwa kiasi nilichokwepa na kudhani nimemaliza, kwa sababu sadaka ya namna hiyo ni kwa mali ambayo mwenyewe hajulikani au hafikiki, na mwenye haki hii alikuwa na ofisi, mlango na saa za kazi. Nilikwenda kwa mhasibu, tukakusanya ankara za kweli za mizigo ile mitano, tukaandika barua ya kujieleza kabla hatujaulizwa. Nchi nyingi zina utaratibu wa kupokea maelezo kama hayo na kupunguza adhabu kwa anayejitokeza mwenyewe, na huo ni mlango ambao mtu asiudharau. Ushuru ulihesabiwa upya, faini ikaongezwa, nami nikalipa kwa awamu hadi deni likaisha. Biashara ilipungua kwa nusu katika kipindi hicho. Mke wangu, ambaye hakuwahi kujua kuhusu ankara za uongo, aliuliza kwa nini tunabana matumizi, nikamweleza yote, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko barua.

Mzigo wa kwanza baada ya hapo, muuzaji wangu aliniuliza kama kawaida aniandikie ngapi. Nilimwambia aandike kiasi nilichomlipa. Aliniuliza tena, akidhani simu ilikuwa mbovu, nikamrudia maneno yale yale, naye akanitumia ankara moja.